Jaji wa kaunti kwenye karatasi ya kura: ndiyo ya nini, hapana ya nini?

Swali: "Naishi Aurora, Colorado. Nimeapa uraia mwaka huu na Novemba nitapiga kura kwa mara ya kwanza. Jirani alinionyesha karatasi yake ya uchaguzi uliopita: upande wa nyuma ni majaji watupu, kila mmoja na kisanduku cha ndiyo na cha hapana, hakuna mpinzani wala chama. Mmoja wao ni wa mahakama ya kaunti, na ndiye aliyeamua kesi ya kijana wangu ya barabarani. Mtu huwaje jaji wa kaunti? Hiyo kura ni ya nini hasa? Na akikataliwa, nani anakaa kwenye kiti chake?"

Jibu:

Dada, hongera kwa uraia. Nianze na lile linalowachanganya wengi: karatasi hiyo haikuulizi unamtaka nani. Inakuuliza kama aliyepo aendelee. Maneno yake yamo ndani ya Katiba ya Colorado yenyewe, na ukiyatia Kiswahili ni haya: "Je, Jaji Fulani wa Mahakama ya Kaunti ya Arapahoe abakishwe madarakani? Ndiyo. Hapana." Basi. Mpinzani hayupo kwa sababu hakuna mashindano. Chama hakipo kwa sababu mwaka 1966 wananchi wa jimbo hilo walipiga kura kuwaondoa majaji kwenye siasa za vyama. Mpango wa kumteua jaji kwanza kisha kumpeleka kwa wananchi waseme ndiyo au hapana ulianzia Missouri mwaka 1940, na majimbo kadhaa yakauiga, kila moja likikata nguo kwa mwili wake.

Mimi huiita kura ya kubakisha, ingawa kwa uzito wake ni kura ya kuachisha. Mchujo wenyewe ulishafanyika miaka kadhaa nyuma, kwenye meza ya tume ambayo wapiga kura wengi hawajui hata kama ipo. Nitaifikia.

Kwanza neno "jaji". Sisi tuliotoka Tanzania au Kenya tukilisikia tunafikiria Mahakama Kuu, joho na bendera kwenye gari. Jaji wa kaunti wa Colorado, kwa kazi anazofanya, yuko karibu zaidi na hakimu mkazi wetu. Anasikiliza makosa ya barabarani, kuendesha gari umelewa, makosa madogo ya jinai, kesi za madai zisizozidi dola 25,000 (kabla ya 2019 kikomo kilikuwa dola 15,000), madai madogo yasiyozidi dola 7,500, kesi za mwenye nyumba kumtoa mpangaji, na maombi ya amri ya ulinzi kwa anayepigwa au kutishwa. Polisi wakitaka hati ya upekuzi au ya kukamata, mara nyingi ni yeye anayeamshwa usiku kuitia saini. Kesi za makosa makubwa nazo nyingi huanzia kwake: mshtakiwa husomewa haki zake, hupangiwa dhamana, kisha shauri hupanda kwenda mahakama ya wilaya. Na hapa angalia: huko "wilaya" ni kubwa kuliko kaunti, kinyume cha tulivyozoea. Jimbo lina kaunti 64 zilizogawanywa kwenye wilaya 23 za mahakama. Wilaya ya 23 ilizaliwa Januari 2025 tu, kaunti za Douglas, Elbert na Lincoln zilipotengwa na Arapahoe.

Usiidharau mahakama hiyo kwa sababu inaitwa ya chini. Kwa mhamiaji ambaye hajapata uraia, ndipo mambo mazito yanapoamuliwa. Kifungo cha juu kabisa cha kosa dogo Colorado ni siku 364. Hakifiki mwaka mzima, na siku hiyo moja ilipunguzwa kwa makusudi mwaka 2019, kwa kuwa hukumu ya siku 365 inaweza kumfungulia mtu mlango wa kurudishwa kwao chini ya sheria za shirikisho. Na kwa ndugu wasiomudu Kiingereza, mahakama za jimbo hutoa mkalimani bila malipo, katika kesi ya jinai na ya madai pia. Omba mapema, si asubuhi ya kesi, maana mkalimani wa Kiswahili haketi kwenye korido akisubiri.

Kabla hatujaendelea, chukua ile karatasi ya kijana wako uangalie juu imeandikwa mahakama gani. Tiketi nyingi za askari wa jiji la Aurora huenda kwenye mahakama ya jiji. Majaji wa huko huteuliwa na baraza la jiji na hawaonekani kabisa kwenye kura yako. Ikiwa imeandikwa mahakama ya kaunti, ndipo jaji huyo anaweza kuwa mikononi mwako. Halafu Aurora imelalia kaunti tatu: Arapahoe, Adams na Douglas. Jaji wa kaunti hupigiwa kura na wakazi wa kaunti yake peke yao. Ukihama mtaa tu, unaweza kukuta majina mengine kabisa upande wa nyuma.

Sasa, mtu huwaje jaji wa kaunti?

Katika kaunti kubwa lazima awe wakili aliyesajiliwa Colorado. Katika kaunti ndogo za milimani na za nyanda za mashariki, sheria inamruhusu hata asiye mwanasheria, mradi amemaliza sekondari. Akiteuliwa hupelekwa kwenye mafunzo yanayosimamiwa na Mahakama ya Juu. Huko kazi yenyewe huwa ya nusu siku au siku chache kwa wiki, na jaji aliye wakili anaruhusiwa kuendelea na uwakili wake, ila si mbele ya mahakama yake mwenyewe. Wote lazima wawe wapiga kura wa kaunti husika. Njia ya kawaida mijini ni hii: mtu anaanza kama mwendesha mashtaka msaidizi au wakili wa utetezi wa umma, anakaa miaka kadhaa kwenye korido hizo hizo za makosa madogo, pengine anapitia uhakimu msaidizi, kisha anaomba. Wapo wanaotoka ofisi binafsi pia.

Kiti kikiwa wazi (mtu amestaafu, amefariki, amepanda cheo au amekataliwa na wapiga kura), tume ya uteuzi ya wilaya hiyo ina siku 30 za kukutana. Wajumbe wake ni saba, wenye haki ya kupiga kura ya wilaya hiyo, na wasiozidi wanne ndio wanaoruhusiwa kutoka chama kimoja. Katika wilaya zenye watu wengi, watatu ni mawakili na wanne si mawakili. Mwenyekiti ni jaji wa Mahakama ya Juu, lakini hana kura. Mwombaji hujaza fomu ndefu inayochimba historia yake yote: kesi alizoendesha, malalamiko aliyowahi kupelekewa, wadhamini wanaomjua. Tume hufanya usaili na kutoa majina mawili au matatu. Majina hayo hutangazwa, na hapo mwananchi yeyote anaweza kumwandikia gavana maoni yake. Gavana ana siku 15 za kuteua mmoja kati ya hao. Hawezi kuchukua mwingine nje ya orodha. Siku 15 zikipita bila uteuzi, kazi hiyo huhamia kwa Jaji Mkuu, naye anapewa siku 15.

Denver, jiji ambalo lenyewe ni kaunti, ni mtoto wa peke yake. Mahakama ya kaunti ya Denver ni ya jiji kwa fedha na kwa utawala, kwa hiyo anayeteua ni meya, akipokea majina kutoka tume ya jiji. Ila kura ya kubakisha inabaki pale pale.

Hapo ndipo uchaguzi wa kweli unapofanyika, dada. Ukitaka kujua kwa nini mahakama yako ina majaji wa aina fulani, usiangalie kisanduku cha Novemba. Angalia nani walikaa kwenye tume ile na nani waliomba. Nafasi za wasio mawakili huteuliwa na gavana, na mwombaji haulizwi shahada. Nesi, dereva wa basi au mwenye duka la nafaka anaweza kuomba, akiwa raia na mpiga kura wa wilaya.

Baada ya kuapishwa, jaji mpya hapewi muhula kamili. Anapewa kipindi cha majaribio cha miaka miwili, kisha anaendelea hadi Jumanne ya pili ya Januari inayofuata uchaguzi mkuu ujao. Maneno hayo yanaonekana mepesi, lakini yana mtego wa hesabu. Chukua majaji wawili, mmoja ameteuliwa Septemba 2022, mwingine Desemba 2022. Wa kwanza miaka yake miwili iliisha Septemba 2024, uchaguzi uliofuata ukawa Novemba 2024, akapigiwa kura mwaka huo. Wa pili miaka miwili iliisha Desemba 2024, uchaguzi ukiwa umeshapita. Zamu yake ni Novemba 2026. Wamepishana miezi mitatu kuteuliwa, wamepishana miaka miwili kupigiwa kura. Ndiyo maana jirani yako anaweza kukuambia "huyu jaji mbona hajawahi kupigiwa kura?" na akawa hajakosea.

Wa pili akibakishwa, muhula wake kamili utaanza Jumanne, 12 Januari 2027, na utakuwa wa miaka minne. Atarudi kwako Novemba 2030, na kila baada ya miaka minne. Katika karatasi hiyo hiyo utakuta majaji wa mahakama ya wilaya, ambao muhula wao ni miaka sita, wa Mahakama ya Rufani miaka minane, na wa Mahakama ya Juu miaka kumi. Hao wa juu wawili wanapigiwa kura na jimbo zima. Hakuna kikomo cha mihula. Kikomo ni umri. Akitimiza miaka 72, anaondoka, hata kama amebakiza miaka mitatu ya muhula.

Jaji asipotaka kuendelea hana haja ya kujiuzulu. Anayetaka kubaki ndiye anayepaswa kuwasilisha tamko la nia kwa Katibu wa Jimbo, si zaidi ya miezi sita na si chini ya miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa Novemba 2026, hiyo ni kuanzia mwanzoni mwa Mei hadi mwanzoni mwa Agosti. Akichelewa, jina haliingii kwenye karatasi na kiti kinahesabiwa wazi mwisho wa muhula. Hakuna msamaha wa foleni wala wa posta.

Kampeni hutaiona. Kanuni za maadili zinamtaka jaji anayesubiri kura ya kubakisha akae kimya asijinadi, isipokuwa akijitokeza mtu au kikundi kinachompinga waziwazi. Kwa hiyo ukikosa bango lake barabarani, usidhani hana habari na kura yako.

Sasa tuje kwenye lile unalolihitaji zaidi: utamjuaje?

Tangu mwaka 1988 sheria ya Colorado imeunda tume za kutathmini utendaji wa majaji, na tathmini za kwanza zilitumika kwenye uchaguzi wa 1990. Usizichanganye na tume za uteuzi. Ni watu wengine na kazi nyingine. Kila wilaya ya mahakama ina tume ya tathmini yenye wajumbe kumi, wanne mawakili na sita raia wa kawaida, walioteuliwa na gavana, Jaji Mkuu na viongozi wa bunge la jimbo. Wanatuma dodoso kwa mawakili na kwa watu waliofika mbele ya jaji huyo, wanakwenda kukaa mahakamani kumwangalia, wanasoma maamuzi yake, wanapokea tathmini yake mwenyewe, kisha wanamwita na kumhoji. Vipimo ni sita: uadilifu, ujuzi wa sheria, mawasiliano, hulka anapokuwa kitini, uendeshaji wa mahakama, na utumishi wake kwa taaluma na jamii.

Mwisho wanapiga kura kama jaji "anakidhi" au "hakidhi" viwango vya utendaji. Zamani waliandika moja kwa moja "abakishwe" au "asibakishwe", lugha ikabadilishwa ili uamuzi ubaki kwako. Muhtasari wa kila jaji huchapishwa mtandaoni na kwenye kile wanachokiita Kitabu cha Bluu, kijitabu ambacho bunge la jimbo humtumia kila nyumba yenye mpiga kura kabla ya uchaguzi. Hutoka kwa Kiingereza na Kihispania. Cha Kiswahili hakipo, kwa hiyo kaa na mtoto au rafiki anayesoma vizuri.

Namna ya kuusoma muhtasari ule. Usiishie kwenye neno "anakidhi", maana karibu wote wanakidhi. Tazama kwanza hesabu ya kura za tume. Kura 10 kwa 0 ni habari moja. 6 kwa 4 ni habari nyingine kabisa, ingawa zote zimeandikwa "anakidhi". Kisha tazama ni watu wangapi walijibu dodoso. Kwenye kaunti ndogo wanaweza kujibu mawakili wachache mno, na wastani wa watu saba unayumbishwa na mtu mmoja aliyeshindwa kesi. Tatu, tafuta mahali tume inapomgusa kwa upole: "anaweza kuboresha namna anavyosimamia muda", "baadhi ya waliojibu walitaja ukali". Maandishi ya tume ni ya adabu, hawapigi kelele. Sentensi moja ya namna hiyo ina uzito kuliko aya nzima ya sifa za alikosoma. Na ukiona tume imempangia mpango wa kujirekebisha, soma kama ameutimiza au bado.

Kuna jambo moja linalofanya idadi ya "hakidhi" ionekane ndogo kuliko ilivyo. Jaji huiona rasimu ya tathmini yake kabla haijatoka. Akiona upepo mbaya, anaweza asiwasilishe tamko la nia, akaondoka kimya mwisho wa muhula, na tathmini ile haichapishwi. Wakosoaji wanasema huko ni kufichana aibu. Kwa maoni yangu ni nusu ya faida ya mpango wote: mlango wa nyuma unawatoa watu ambao mlango wa mbele ungechukua miaka minne mingine kuwatoa.

Siku zenyewe za kura. Karatasi hutumwa kwa posta kwa kila mpiga kura aliyesajiliwa, kuanzia siku ya 22 kabla ya uchaguzi. Huna haja ya kuomba. Unajaza nyumbani, unaitia kwenye bahasha yake, unaweka saini nje ya bahasha. Saini ndiyo inayowaangusha wapiga kura wapya: wanailinganisha na ile iliyo kwenye kumbukumbu, mara nyingi ya leseni ya udereva. Ukiwa ulisaini leseni kwa herufi kubwa za haraka na bahasha umeisaini kwa mwandiko wa cheti cha ndoa, utaletewa barua. Jibu barua hiyo. Una hadi siku ya nane baada ya uchaguzi. Karatasi lazima iwe imefika saa 1 usiku siku ya uchaguzi (huko wanaandika saa 7 jioni), na muhuri wa posta hausaidii. Ikibaki wiki moja, achana na posta, ipeleke kwenye sanduku la kura la kaunti.

Ukihitaji mtu wa kukusomea au kukusaidia kujaza kwa sababu ya lugha, sheria ya shirikisho inakuruhusu kumchagua mwenyewe, isipokuwa mwajiri wako au wakala wake, au kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi.

Na kama nyumbani mna mtu mwenye kadi ya ukaazi ambaye hajaapa uraia, asiiguse karatasi. Mwaka 2022 ofisi ya Katibu wa Jimbo ilituma kwa makosa kadi za kuhimiza usajili kwa watu wapatao 30,000 wasio raia. Kupokea barua ya namna hiyo hakumpi mtu haki, na kupiga kura bila uraia kunaweza kumfungia njia ya uraia moja kwa moja.

Upande wa majaji unaruhusiwa kuuacha wazi wote au kumruka mmoja. Karatasi yako haiharibiki. Wengi huchoka kabla ya kufika huko, na hiyo inabadilisha hesabu kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu kinachohesabiwa ni zaidi ya nusu ya waliojibu swali la jaji yule. Tuseme zimerudi karatasi 100,000, na watu 28,000 wameruka jina lake. Zinazobaki ni 72,000. Akipata ndiyo 36,001 amepita. Aliyeacha wazi hakumsaidia wala hakumdhuru.

Akipata "hapana" nyingi zaidi, hafukuzwi usiku ule. Anaendelea kusikiliza kesi hadi Jumanne ya pili ya Januari, muhula wake unapokwisha. Hukumu zake zote za nyuma zinabaki, ya kijana wako ikiwemo. Kiti kinatangazwa wazi, tume ya uteuzi inakutana, gavana (au meya wa Denver) anateua. Wewe hutaulizwa umtake nani. Utaulizwa tena mteule mpya atakapomaliza miaka yake ya majaribio. Kwa hiyo anayepiga "hapana" akitarajia mtu fulani aingie amejidanganya. Anajua nani anatoka, hajui nani anaingia.

Kushindwa ni nadra. Wengi wanapita kwa theluthi mbili hivi au zaidi. Waliowahi kuangushwa kwa kishindo Marekani ni wa mahakama za juu, kama majaji watatu wa Mahakama ya Juu ya Iowa mwaka 2010, Marsha Ternus, Michael Streit na David Baker, baada ya mahakama yao kuamua kwa kauli moja kuhusu ndoa za jinsia moja mwaka uliotangulia. Kule hasira ilikuwa juu ya hukumu moja, wala haikuhusu utendaji wao wa kila siku. Kwa jaji wa kaunti, anayeshughulikia tiketi na kodi za nyumba, mara nyingi kinachomwangusha ni tathmini mbaya ikikutana na magazeti ya mtaani.

Na kesi ya kijana wako? Kama unaona hukumu haikuwa sahihi kisheria, dawa yake ni rufaa, na rufaa haisubiri Novemba. Kutoka mahakama ya kaunti unakata rufaa mahakama ya wilaya: siku 14 kwa kesi ya madai, siku 35 kwa ya jinai, kuanzia hukumu ilipoingizwa. Inaamuliwa kwa kumbukumbu za kesi, hakuna mashahidi wapya, hivyo muulize karani siku hiyo hiyo namna ya kupata nakala ya mwenendo. Kama tatizo ni tabia, yaani alitukana, alichelewesha shauri bila sababu, alizungumza na upande mmoja pembeni, hilo ni la Tume ya Nidhamu ya Majaji (Denver ina yake kwa mahakama yake ya kaunti). Tume hiyo haitengui hukumu hata moja, kwa hiyo usiipelekee malalamiko ya "alikosea sheria". Na usimwandikie jaji barua binafsi. Haruhusiwi kuisoma bila upande wa pili kuiona, na unaweza kumharibia kijana.

Ulichokiona kwa macho yako mahakamani hapo, kipelekee tume ya tathmini. Mtu yeyote aliyekuwa mbele ya jaji anaweza kutoa maoni, tena wanataka mambo mahususi: kesi ilipangwa saa ngapi na ikaanza saa ngapi, alieleza haki kwa lugha inayoeleweka au alisoma mbio, alimsubiri mkalimani amalize au alimkatiza. Mistari mitano ya namna hiyo ikifika miezi kadhaa kabla ya muhtasari kuandikwa ina nguvu kuliko kura yako moja. Kumpigia "hapana" kwa sababu tu mwanao alipigwa faini ni haki yako, lakini mimi ningesoma kwanza kile kijitabu.

La mwisho, ukihama jimbo usibebe maelezo haya kama yalivyo. Nebraska nao wana kura ya kubakisha kwa majaji wa kaunti, ila ya kwanza huja kwenye uchaguzi mkuu unaofuata baada ya miaka mitatu kupita tangu uteuzi, kisha kila miaka sita. Illinois jaji wa mahakama ya mzunguko anahitaji asilimia 60, nusu haimtoshi. Florida jaji wa kaunti anagombea na wapinzani. Na Texas, anayeitwa jaji wa kaunti ndiye mkuu wa serikali ya kaunti: anaongoza kikao cha makamishna, anasimamia bajeti na dharura, anagombea kwa tiketi ya chama, na si lazima awe mwanasheria. Ndugu zetu wa Houston na Fort Worth wakikuambia wamemchagua jaji wa kaunti, wanazungumzia mtu mwingine kabisa.